Hesabu iliyoandikwa kwenye mlango wa kontena

Mkisafiri kwa barabara ya Mombasa najua mnayalaani yale malori ya makontena yanayojivuta mlimani mbele ya basi lenu. Safari ijayo, hebu punguzeni laana na msome mlango wa nyuma wa kontena. Mtaona herufi nne, tarakimu sita, halafu tarakimu moja ya mwisho ambayo mara nyingi imechorewa kijisanduku. Hiyo ya mwisho ndiyo nataka tuizungumzie leo. Mimi ni mtu wa programu, na hiyo ni programu iliyopakwa rangi kwenye chuma.

Herufi tatu za kwanza zinamtaja mwenye kontena, na husajiliwa na shirika moja lililoko Paris. Ya nne, U, inasema kuwa hili ni kontena la mizigo. Tarakimu sita ni nambari ya kontena lenyewe. Ile ya saba haina habari mpya yoyote, kazi yake ni kuwachunga wenzake.

Tuchukue mfano unaotumika sana katika mafunzo: CSQU 305438, na ya mwisho ni 3. Kila herufi hupewa thamani. A ni 10, B ni 12, na kuendelea, ila unaruka 11, 22 na 33. Kwa hivyo C ni 13, S ni 30, Q ni 28 na U ni 32. Ya kwanza unaizidisha kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, halafu 8, 16, hadi ya kumi unayoizidisha kwa 512. Ukijumlisha zote utapata 6185. Gawanya kwa 11, baki ni 3. Imekubali! (Baki likiwa 10, huandikwa 0.) Sasa mtu akikosea akaandika 350438 badala ya 305438, jumla inakuwa 6025 na baki ni 8. Tarakishi inajua papo hapo kwamba kuna aliyechanganya mambo.

Mnaweza kuuliza, hesabu ya darasa la saba inamhusu nani? Ngoja niwape kisa.

Nina mteja anayeuza vipuri vya magari katika barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Mwishoni mwa 2023 alikuwa na kontena moja la vipuri vilivyotumika, linatoka Uingereza. Pesa nyingi za mzigo huo zilikuwa mkopo wa chama cha akiba. Wakala wake wa forodha alimtumia nambari ya kontena kwa simu, na mzee akaitafuta wiki nzima kwenye tovuti ya kampuni ya meli bila kupata kitu. Akaanza kuamini kwamba ameliwa pesa. Alipokuja kwangu sikufanya uchawi wowote. Niliingiza nambari ile kwenye programu yangu ndogo, ikaikataa. Tukaomba picha ya hati yenyewe ya shehena. Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi.

Nambari sahihi ilitupa jina la meli. Meli kubwa hutangaza mahali zilipo kwa redio, kwa hivyo tuliitafuta kwenye ramani. Tulitarajia kuiona karibu na Suez. Ala! Ilikuwa pwani ya Afrika Magharibi, inaelekea kusini.

Mtakumbuka hali ya wakati ule. Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka meli ya Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu, na Desemba kampuni kubwa kama Maersk, MSC na Hapag-Lloyd zikaanza kuzungusha meli zao kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Njia hiyo huongeza siku kumi hadi wiki mbili hivi kwa safari ya Ulaya na Asia, pamoja na mafuta ya siku hizo. Mteja wangu hakuwa ameambiwa lolote. Lakini sasa alijua mapema, akaenda kwa chama chake kabla ya tarehe ya kulipa kupita, akapangiwa upya. Kama angengoja, angeanza kupigwa faini ya mkopo huku duka halina bidhaa.

Biashara hii imekua kwa kasi ya ajabu. Aprili 1956 Malcom McLean, mtu wa malori wa Marekani, alipakia makontena 58 kwenye meli ya Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Leo meli kubwa kabisa hubeba zaidi ya makontena 24,000 ya futi 20. Bandari yetu ya Mombasa nayo ilipita milioni 2 kwa mwaka 2024. Ukubwa huo una hatari zake. Machi 2021 meli moja tu, Ever Given yenye urefu wa mita 400, ilikwama Suez na kufunga mfereji siku sita.

Na siku hizi meli bila tarakishi haiendi popote. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliingia Maersk, ikabidi waweke upya seva 4,000 na tarakishi 45,000. Nakala safi ya orodha ya watumiaji wao, ambayo bila hiyo mfumo haukuweza kufufuka, ilipatikana Ghana. Kwa nini Ghana? Stima ilikuwa imepotea, na seva ya huko ilikuwa imezimika kirusi kilipopita! Sisi tunaolia kila siku kuhusu kupotea kwa stima tulicheka kidogo.

Maersk hiyohiyo pamoja na IBM walizindua TradeLens mwaka 2018, mfumo wa blokucheini wa kusimamia hati za mizigo. Novemba 2022 walitangaza kuufunga, kwa kuwa sekta nzima haikukubali kushirikiana kwa kiwango walichohitaji. Linganisheni na ile tarakimu ya mlangoni. Haina mwekezaji wala tangazo, lakini kila bandari duniani inaikubali, kwa sababu watu waliketi wakakubaliana kanuni moja na hakuna anayeimiliki.

Kwa vijana wanaoandika programu hapa nyumbani, ushauri wangu ni huu. Kabla hamjaota mfumo mkubwa wa kubadilisha uchukuzi wa Afrika, angalieni nambari zinavyosafiri kutoka kwa wakala hadi kwa mfanyabiashara: kwa simu, kwa karatasi, kwa picha yenye ukungu. Siku za bure bandarini zikiisha, kila siku ina bili, na kampuni za meli hutoza kontena lao kwa dola. Mistari ishirini ya programu inayokataa nambari mbovu inaweza kuokoa duka la mtu.

Kesho nikipata nafasi nitaandika hesabu hiyo hatua kwa hatua, mweze kuijaribu wenyewe. Kwa leo nakomea hapo.