Patapata ndani ya tairi

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, na itakuja. Leo naomba niziache seva zilale kidogo, niwaandikie kuhusu tairi ya baiskeli. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya programu tu, vumilieni. Mwishoni nitarudi kule kule.

Mimi naishi Mji wa Kale, Mombasa, upande wa Kibokoni. Nina baiskeli ya mlimani ya mtumba, magurudumu ya inchi 26, gia zinazokubali siku zikipenda. Watu hunicheka: baiskeli ya mlimani, na huo mlima uko wapi? Kweli, kisiwa hiki hakina mlima. Kina mawe. Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilijengwa kwa mawe hayo hayo juu ya mwamba huo huo. Ukienda ukingoni mwa bahari kule Mama Ngina, ukatoka kwenye njia zilizotengenezwa, utakutana nao ukiwa mtupu: umeliwa na maji ya chumvi mpaka umebaki meno matupu. Aliyewahi kuukanyaga bila viatu hahitaji maelezo yangu.

Jumapili alfajiri huwa naendesha huko, katikati ya mibuyu, kabla jua halijawa kali. Siku za wiki baiskeli ilikuwa na kazi nyingine: kumpeleka shule mpwa wangu wa miaka saba, mtoto wa dada yangu mkubwa, akiwa amekaa kwenye keria nyuma yangu.

Mwaka jana mwezi wa Mei, mvua ya masika ikiwa imenyesha usiku kucha, tulichelewa. Nikakata njia ya mkato kwenye kichochoro ambacho mtaro ulikuwa umechimbwa na kufukiwa kwa vifusi vya mawe. Gurudumu la nyuma likagonga ncha ya jiwe. Nikasikia "paa!" na kabla sijafunga breki tairi ilikuwa imelala, baiskeli inateleza juu ya kabro iliyolowa, na mtoto yuko chini. Alishonwa nyuzi nne kidevuni. Mimi nilichubuka kiwiko tu, jambo ambalo lilinitia aibu zaidi.

Dada hakupaza sauti. Angepaza ningepata nafuu. Alichukua mkoba wa shule begani mwangu akasema, "Kuanzia leo mtoto atakwenda kwa miguu."

Jioni nilimpelekea baiskeli fundi wetu wa pembeni, mzee ambaye ameziba pancha zangu tangu nikiwa shule ya msingi. Alitoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye karai la maji, akanionyesha matundu mawili yaliyo sambamba. "Umeumwa na nyoka, mwanangu," akasema.

Maana yake ni hii. Tairi ikigonga jiwe lenye ncha, inabonyea. Ikibonyea sana, jiwe linaisukuma hadi kwenye rimu, na tyubu inabanwa katikati ya kingo mbili za chuma kama nguo kwenye mlango. Inakatika pande zote mbili kwa mpigo mmoja. Hakuna msumari wala mwiba. Upepo unatoka wote ghafla.

Dawa ya fundi ilikuwa fupi: "Tia upepo zaidi." Ni dawa ya kweli, lakini ina gharama. Nikijaza PSI 50, baiskeli inaruka juu ya mawe kama mbuzi, na kwenye kabro yenye maji tairi haishiki kitu. Nikishusha hadi 28 inashika vizuri kabisa, lakini nyoka anarudi, hasa kukiwa na mzigo nyuma. Wenzangu wa programu mtaitambua hali hii: kila unaporekebisha huku, kunaharibika kule.

Basi nikafanya nifanyavyo kila nikikwama: nikaingia mtandaoni usiku nikasoma hadi adhana ya alfajiri. Ndipo nikakutana na mambo ya sponji ndani ya tairi. Waendeshaji wa mashindano ya kuteremka milima wana tatizo langu hili hili, ila kwao ni kwa kasi ya kutisha. Mwaka 2014, kwenye mashindano ya Kombe la Dunia kule Leogang, Austria, Mmarekani Aaron Gwin alipata pancha ya nyuma na akateremka hadi mwisho akiwa juu ya rimu, tairi ikimchoropoka njiani. Miaka iliyofuata kampuni kadhaa zikaanza kuuza miduara ya sponji inayokaa ndani ya tairi. CushCore ya Marekani hukaa juu ya rimu, kwenye tairi isiyo na tyubu: jiwe likija, linakutana na sponji kabla ya kukutana na chuma. Tannus Armour ya Korea Kusini inafanya kazi na tyubu ya kawaida: sponji inakaa kati ya tairi na tyubu, kama godoro.

Rimu zangu si za tairi zisizo na tyubu, kwa hiyo ile ya kwanza nikaisahau. Ile ya pili, nilipojumlisha bei, usafiri na ushuru, ilikaribia pesa nilizonunulia baiskeli nzima. Nikasema, sponji si sponji tu? Nitatengeneza yangu.

Toleo la kwanza lilikuwa kipande cha godoro kuukuu. Msicheke. Siku mbili lilikuwa tamu. Siku ya tatu ikanyesha, maji yakaingia, na tulipofungua tairi na fundi tulikuta kitu kama uji wa ngano. Kosa langu lilikuwa la darasa la kwanza: sponji ya godoro ina vitundu vilivyofunguka, vinavyopitisha maji na hewa. Inayotakiwa ni yenye viputo vilivyofungwa kila kimoja peke yake, ili ikibonyezwa irudi, na maji yasipate pa kuingia.

Na sponji ya namna hiyo sote tunayo mlangoni. Ni patapata! Nyingi zimetengenezwa kwa EVA, sponji ya viputo vilivyofungwa, ndiyo maana zinaelea na kuja kutupwa na bahari kwenye fukwe zetu zote. Mtaikumbuka ile jahazi ya Flipflopi iliyojengwa Lamu kwa plastiki iliyotupwa, ikavishwa maelfu ya vipande vya kandambili. Ilizinduliwa mwaka 2018, na mwaka 2019 ikasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Kama kandambili zinaweza kuvisha jahazi, mimi nashindwa na tairi moja?

Toleo la pili lilikwenda hivi:

1. Patapata tano kuukuu kwa kila tairi, zenye soli ya karibu sentimita moja na nusu, zikaoshwa chumvi na mchanga.
2. Kila moja tukaikata vipande viwili vya upana wa sentimita tatu. Tairi yangu inataka urefu wa mita mbili na kidogo kwa ndani.
3. Tukaviunga kwa gundi ya viatu, ncha zikiwa zimekatwa mshazari ili kusiwe na kigingi.
4. Tukabadilisha tyubu, tukatia nyembamba zaidi, maana nafasi imepungua.

Mkanda wote ulikuwa kama gramu 170 kwenye mizani ya dukani. Nikaona nimemaliza. Baada ya wiki mbili, pancha! Safari hii tundu moja dogo, mahali palepale penye kiungo. Sponji na tyubu vilikuwa vinasuguana kila gurudumu likizunguka, na kiungo kilikuwa kinasaga mpira polepole. Hapa nilikuwa nimeishiwa. Aliyetatua ni fundi. Alichukua tyubu iliyokufa, akaipasua kwa urefu, akaufunika nayo mkanda wangu kama mto unavyovishwa foronya, akapaka poda ya mtoto. "Zamani njiani tulikuwa tunajaza majani makavu," akaniambia. "Majani hayasugui, lakini hayafiki mbali." Toleo la tatu ni lake, si langu.

Mimi huandika kila kitu kwenye jedwali, hata pancha. Miezi sita kabla ya ajali nilikuwa na pancha tisa, sita zikiwa za nyoka. Miezi saba tangu toleo la tatu nina mbili: moja msumari, moja vavu. Msinipigie makofi bado. Siku hizi naendesha kwa uangalifu zaidi, kwa hiyo sifa zote si za patapata. Na kuna gharama: gurudumu ni zito kuliondoa pale lilipo, na ukipata pancha barabarani kuifungua tairi ni jasho la nusu saa. Lakini fundi anaifungua kwa vijiko vyake viwili vya chuma, bila kifaa cha kuagizwa nje, na hilo kwangu ni kubwa.

Niliyejifunza zaidi si mkono wangu bali kichwa changu. Nilianza nikitafuta tairi isiyopata pancha. Haipo. Kinachofanywa na sponji ni kubadilisha namna tairi inavyoshindwa. Badala ya "paa" na mtoto chini, unapata dakika chache za tairi legevu, unasimama, unashuka. Kazini nimetumia miaka kujaribu kuandika programu isiyoanguka, na ni mara chache nilijiuliza: ikianguka, nani amekaa nyuma?

Dada alikuwa akitutazama kutoka dirishani miezi yote hii bila neno. Jioni moja nikiwa barazani nimejawa na fahari, nikimweleza jirani, akatoka. "Sitaki maneno. Toa upepo wote."

Nikatoa. Akaingia ndani akarudi na gunia la mchele la kilo 25, akalifunga kwenye keria yeye mwenyewe kwa kamba. "Nenda hadi mbele ya Fort Jesus, urudi."

Nikaenda, watoto wa mtaa nyuma wakishangilia. Rimu ilikuwa imekaa juu ya patapata, baiskeli inayumba kama mtu aliyeamshwa usingizini, miguu inaungua. Lakini haikuteleza, na chuma hakikugusa ardhi. Niliporudi dada alikagua gunia pande zote. "Mchele haujamwagika," akasema. Nikatabasamu. "Lakini mchele haulii," akaongeza, akalibeba akaingia ndani.

Yalipita majuma matatu. Kisha asubuhi moja nikamkuta mpwa wangu mlangoni, mkoba mgongoni, kofia ngumu mpya kichwani, kovu dogo likionekana chini ya mkanda wake. Dada alikuwa nyuma yake na masharti ya kuhesabu kwa vidole. Hakuna njia ya mkato. Penye vifusi mnashuka mnatembea. Mkichelewa, mmechelewa.

Nimeyaangalia masharti hayo mara nyingi tangu siku ile. La pili peke yake lingetosha kuzuia ajali ya Mei, bila patapata hata moja. Sponji bado ninayo, na siitoi. Ila sasa najua ipo kwa ajili ya siku ambayo masharti matatu ya dada hayatatosha, na si badala yake.

Haya, wiki ijayo hifadhidata, inshallah. Patapata zenu zikikatika, msizitupe baharini. Mpelekeeni fundi wenu, mkae naye kidogo.