Alikataa, Nikasikia Amekubali

Shamba la michikichi la baba mkubwa liliuzwa bila ridhaa yake. Kosa ni langu.

Nafundisha kwaya Kasongo. Sauti ya tatu ikishuka kidogo, naijua kabla mwimbaji mwenyewe hajajua. Kwa hiyo kiharusi kilipomlegeza baba mkubwa ulimi kule Kabambare, na ukoo ukataka kauli yake kuhusu shamba, nilipanda pikipiki nikiamini kwamba hata wengine wakishindwa kumwelewa, mimi sitashindwa. Maneno yalimtoka yamebanana, pumzi ikikatika katikati ya neno. Nikasikia “muuzishe.” Sikumwomba arudie. Sikumwuliza aliyekuwa akishinda naye. Niliwapelekea wazee jibu, shamba likauzwa ili kulipia matibabu.

Niliporudi, mjukuu wake alikuwa akimlisha bugali. Mzee akatamka kitu. Mimi nikasikia mngurumo tu. Mtoto akainuka, akamletea maji. Mzee akatamka tena, na mtoto akanigeukia: “Babu anauliza, kwa nini muliuzisha shamba? Yeye alisema musiuzishe.”

Nikamtazama mzee. Akaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nimekosa silabi moja, “si,” nayo ndiyo iliyobeba uamuzi wote. Mtoto yule hajui nota hata moja. Ila alikuwa ameshinda na babu yake tangu augue.

Baadaye nilisoma utafiti wa Stephanie Borrie na wenzake wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, kuhusu usemi uliopoteza mapigo yake kwa ugonjwa. Wasikilizaji wenye sikio zuri la mapigo hawakuelewa zaidi ya wenzao mwanzoni. Faida yao ilionekana baada ya kuuzoea usemi huo: walijifunza zaidi. Sikio langu lingenisaidia, basi, lakini kwanza lilihitaji kukaa na mzee. Sikulipa nafasi hiyo.

Shamba halikurudi, mnunuzi alinunua kwa haki. Nyumba ya baba mkubwa sasa inanunua mawese sokoni. Kwa muda mrefu alikataa kuzungumza nami.

Nawe mwenye sikio la muziki, usiliamini siku ya kwanza. Kaa na mgonjwa, mwache arudie, kisha mrudishie ulichosikia kwa swali la ndiyo au hapana: “Umesema tusiuzishe?” Kichwa chake kitakujibu. Mimi nilikuwa na nafasi ya kuuliza hivyo. Mnunuzi alikuwa bado hajafika.