Ngitili na Kiu ya Mali



Mtu atokaye Tinde kwenda mjini Shinyanga hupita hapa kwetu Didia, na mara nyingi haoni jambo la kumsimamisha. Aona mashamba ya pamba na mtama, aona ng'ombe. Huenda pia akaona, kando ya ardhi iliyolishwa hata ikabaki udongo mtupu, kipande cha pori chenye nyasi ndefu na migunga, wala hamna mnyama ndani yake. Mgeni hudhani ni pori lisilo na mwenyewe. Sivyo, hiyo ni ngitili.

Desturi hii ni ya zamani kwetu Wasukuma. Mvua za kwanza zikinyesha, mahali pale hufungwa, na ng'ombe hawaingii tena hata kiangazi kikaze, mwezi wa Julai au Agosti. Ndipo hufunguliwa ndama, na ng'ombe wanyonyeshao, na maksai watakaovuta jembe. Ulinzi wake si seng'enge, bali ni neno la watu. Avunjaye neno hilo huitwa mbele ya dagashida, yaani baraza la wote, na hutozwa faini.

Sisi nasi tunayo ngitili, ekari kumi na nne, tuliyoachiwa na marehemu baba yetu. Kila mwaka ikifunguliwa twahamia humo pamoja na jamaa ya nyumbani mwetu kwa majuma sita au saba, ili kutunza ndama na kuiangalia mizinga ya nyuki. Twajenga kibanda cha fito na nyasi. Vyombo ni vichache: chungu kimoja, sufuria mbili, ndoo za maji, na taa moja ya jua. Simu hufa siku ya tatu, wala hatuioni kuwa hasara. Asubuhi twala michembe na karanga. Jioni ugali wa mtama na nsansa, ndiyo majani ya kunde yaliyokaushwa. Watoto huokota ukwaju, na mama yao huchagua majani ya dawa ya tumbo aliyofundishwa na bibi yake. Wala msidhani kwamba ni raha tupu. Maji yachotwa mbali, na usiku mmoja siafu walitufukuza kibandani sote, mkubwa na mdogo. Hata hivyo, mtu hulala usingizi mzito mle kuliko alalavyo chini ya bati.

Wamarekani wanaye mwandishi wao, Henry David Thoreau, aliyejijengea kibanda msituni karibu na ziwa dogo la Walden mwaka wa 1845, akakaa humo miaka miwili na miezi miwili peke yake, ili ajue mtu ahitaji nini hasa katika maisha. Gharama ya kibanda chake haikufika dola 30. Tulipoisoma habari yake tulifurahi, tena tukacheka kidogo. Hakuwa na mke wala watoto wa kulisha, na mji wao ulikuwa karibu, aliweza kuuendea kwa miguu. Kuishi na vitu vichache ni jambo jepesi kwa mtu mmoja aliyelichagua mwenyewe. Kwa nyumba yenye watoto watano ni habari nyingine.

Kwa hiyo tumekuja kuona kwamba wema wa ngitili hautoki katika uchache wa vitu. Watoka katika ule mpaka. Hapa mtu ana majani mbele ya macho yake, na ng'ombe wake wana njaa, naye asema: Bado.

Tena nchi yetu inajua yawapatayo watu mpaka ukiondoka. Wakati wa Waingereza, tangu miaka ya 1920, misitu mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuwafukuza mbung'o walioua ng'ombe kwa nagana. Mbung'o walipungua kweli. Nao ng'ombe wakaongezeka, pamba ikaenea, miti ikaendelea kuanguka. Mwaka wa 1974 na 1975, watu walipohamishiwa vijijini, wengi waliziacha ngitili zao nyuma. Hata ilipofika miaka ya 1980, Shinyanga iliitwa jangwa la Tanzania. Mwaka wa 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kwa jina la HASHI. Ngitili zilizojulikana wakati ule zilikuwa kadiri ya hekta 600 tu. Mpango ulipokwisha, mwaka wa 2004, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Na sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu. Visiki vilichipua vyenyewe, kwa kuwa watu walikubali kuviacha.

Lakini sisi watu wa Shinyanga twakaa juu ya mali, na hapo ndipo penye shida. Kaskazini yetu iko Mwadui, ambako Daktari John Williamson, Mkanada, mjuzi wa mawe, aligundua almasi mwaka wa 1940 baada ya kuzunguka porini miaka mingi. Mwaka wa 1947 likatoka humo jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5, naye akampelekea Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi. Daktari huyu alifariki Januari 1958, mwenye umri wa miaka 50, hana mke wala mtoto, na mwaka uleule mgodi ukauzwa. Kama alikuwa na furaha au hakuwa nayo, si kazi yetu kumhukumu.

Magharibi iko dhahabu ya Geita, na vijana wetu huenda huko kwa mabasi. Tumefika katika kambi zao. Nao wakaa porini! Hulala chini ya turubai, hula ugali na dagaa, hawana kitanda wala sanduku. Ukihesabu vitu vyao ni vichache kuliko vyetu kibandani. Hushuka katika maduara marefu yaliyozuiwa kwa magogo, wayaitayo matimba, na juu wengine huchanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, sumu iharibuyo akili na mimba. Ndiyo sababu hatuwezi kusema kwamba maisha ya porini humfundisha mtu kutosheka. Yule apataye gramu tano hurudi kutafuta kumi, na yule asiyepata hurudi kulipa deni. Hakuna mwezi wa kufunga wala wa kufungua.

Mwaka juzi mdogo wetu alitaka sehemu yake ya ngitili. Alikuwa amepata mnunuzi wa magogo ya matimba, na mwingine wa mkaa, apate fedha za kununua fungu katika duara. Tulimweleza habari za baba na za miaka ya jangwa. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Kaka, neno la kutosheka husemwa na mwenye ng'ombe."

Neno hili lilitunyamazisha, kwa maana ni kweli. Tunao ng'ombe wanane na kazi yenye heshima. Yeye alikuwa na mbuzi watatu, na mtoto aliyefaulu mtihani, aliyetakiwa kuwa na sare, godoro na nauli. Ni vibaya kumhubiria mtu mwenye shida uzuri wa uchache, na sisi waalimu twafanya hivyo mara nyingi mno. Mpaka wa ngitili huheshimiwa kwa sababu wote hufaidika siku ya kufunguliwa. Kama mmoja habari yake ni kufungiwa tu, kwa nini aulinde?

Jamaa wakakaa siku mbili. Ikakubaliwa kwamba mti usikatwe, na sisi tutoe ng'ombe wawili, mmoja kwa ajili ya shule ya mtoto, na mmoja wa maziwa abaki kwa mke wake. Tena mizinga sita kati ya kumi na mmoja iwe yake. Akashukuru. Baada ya mavuno alikwenda Geita vilevile, kwa nauli aliyopata katika kuuza karanga.

Yuko huko mpaka leo. Mara mbili ametuma fedha, na mara moja ameomba. Mke wake na watoto walikuwa pamoja nasi kibandani kiangazi kilichopita, nasi tuliirina asali ya mizinga yake tukampa mama huyo yote, madumu mawili na nusu. Juzi alipiga simu kutoka huko machimboni. Hakuuliza habari za dhahabu wala za fedha. Aliuliza kama nyuki wamerudi katika ule mzinga wa mbuyuni, nasi tukamjibu kwamba bado.