Mkimbiaji wa Kaptagat na Ndimi Zetu



Mwishoni mwa Agosti 2024 tulisafiri kutoka Mombasa hadi Eldoret kuhudhuria nikaha ya mtoto wa ndugu yetu. Siku ya pili, baada ya swala ya alfajiri, mwenyeji wetu alitupakia garini akatupeleka Kaptagat, mwendo usiofika saa moja kutoka mjini. Huko ni juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na sisi watu wa pwani tulijitanda shuka juu ya kanzu kwa baridi. Mara likapita kundi la vijana, wapata ishirini, wakikimbia katika barabara ya udongo mwekundu kandokando ya msitu. Hakuna aliyesema neno wala aliyegeuka kututazama. Tulisikia vishindo vya viatu na pumzi tu, kisha wakatoweka katika ukungu.

"Hapa ndipo anapofanyia mazoezi Kipchoge, Sheikh," akasema mwenyeji wetu.

Tuliinamisha uso. Hakujua kwamba tulikuwa na deni kwa mtu huyo. Leo tunalieleza deni hilo, kwa kuwa tunadhani nyumba nyingi zinazosoma waraka huu zinalo la namna hiyo.

Eliud Kipchoge alizaliwa mwaka 1984 katika kijiji cha Kapsisiywa, Nandi. Hakumjua baba yake ila kwa picha. Alilelewa na mama, mwalimu wa watoto wadogo. Akina mama wanaolea peke yao na wanaosoma haya, walitie hilo moyoni. Alipobaleghe alimwendea jirani yao, Patrick Sang, aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, akamwomba amwandikie utaratibu wa mazoezi. Tangu siku hizo hakumwacha mwalimu wake. Sisi tuliosoma chuoni tukikaa mkekani mbele ya ustadhi mmoja miaka na miaka tunajua thamani ya jambo hilo.

Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 18, alishinda mbio za mita 5,000 katika mashindano ya dunia mjini Paris. Aliowashinda walikuwa Hicham El Guerrouj wa Morocco na Kenenisa Bekele wa Ethiopia, majabari wa zama zile. Dunia ikamwona kijana mwenye kasi, basi. Hakuna aliyemtaka neno la hekima. Kisha ikaja miaka ya kupungukiwa: shaba Athens mwaka 2004, fedha Beijing mwaka 2008, na mwaka 2012 hakuchaguliwa kabisa kwenda London. Wengi walidhani habari yake imekwisha.

Yeye alihamia marathoni. Mwaka 2013 alishinda Hamburg, na kutoka hapo njia ikafunguka: dhahabu ya Olimpiki Rio mwaka 2016, rekodi ya dunia Berlin mwaka 2018, na tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mbio zile hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, lakini hakuna mwanadamu aliyewahi kwenda masafa hayo chini ya saa mbili kabla yake. Mwaka 2021 akaongeza dhahabu ya pili ya Olimpiki, katika michezo ya Tokyo.

Hapo sura yake mbele ya watu ikageuka. Yule kijana wa kasi akawa mwenye hekima. Watu walitaka kujua anakula nini, anasoma nini, anatabasamu vipi mwili unapouma. Ikasimuliwa kwamba tajiri huyu hulala kambini Kaptagat siku za wiki pamoja na vijana, huandika mazoezi yake daftarini, na zamu yake ya kusafisha vyoo ikifika husafisha kama wenzake. Neno lake la kwamba binadamu hana mpaka likaandikwa hata kwenye fulana za watoto. Sisi tulilistahi neno hilo kwa nia yake njema, ingawa moyoni tulisema: mja ana mpaka, na anayeujua ni Aliyemuumba. Vijana wetu wa madrasa tuliwapigia mfano wa subira yake, japokuwa yeye si Mwislamu.

Kisha akatokea kijana mwingine. Oktoba 2023, Kelvin Kiptum alikimbia Chicago kwa saa 2 na sekunde 35, akaivunja rekodi ya Kipchoge. Usiku wa tarehe 11 Februari 2024 Kiptum, mwenye umri wa miaka 24, aliaga dunia pamoja na kocha wake, Gervais Hakizimana, gari alilokuwa akiliendesha lilipoacha njia huko huko upande wa Kaptagat. Ilikuwa ajali. Lakini kabla ya maziko, ndimi zilikuwa zimekwisha kutafuta mtu wa kulaumiwa, zikamwona yule aliyevunjiwa rekodi.

Hapa ndipo deni letu lilipoanza. Habari hiyo iliingia katika simu yetu usiku, nasi, tunaokaa mimbarini tukiwaonya watu juu ya ulimi, tuliituma katika kundi la ukoo tukiongeza neno moja: "Yasemwa." Tulidhani neno hilo latuvua dhima.

Mama watoto wetu aliisoma akiwa jikoni. Akaja na simu mkononi.

"Sheikh, hii umeihakikisha?"

Tukamwambia sisi tumepokea tu, tukapeleka.

"Mtu ana mama," akasema. "Na akiisoma mamake, je?" Akarudi jikoni.

Hatukuwa na jibu. Suratul Hujurat tunaifundisha kila mwaka, nayo yatuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Kisa cha Bi Aisha (r.a.) aliposingiziwa tumekihadithia mpaka watoto wanakijua. Uzushi ule haukuenezwa na wanafiki peke yao. Walikuwemo waumini waliopokea kwa ndimi na kupeleka. Usiku ule sisi tulikuwa miongoni mwa wapokeaji.

Miezi michache baadaye Kipchoge alisema hadharani yaliyompata. Alisema alitishiwa kuchomewa nyumba na mali, na kwamba aliihofia familia yake. Alimpigia simu mama yake. Watoto wake, waliokuwa wakiendesha baiskeli, walizuiwa. Ikawa hupelekwa shule asubuhi na kuchukuliwa jioni. Marafiki wengi aliwapoteza. Tuliposikia habari ya baiskeli tulijua kwamba neno letu moja, "yasemwa", lilikuwa tone katika mafuriko yaliyowafungia watoto wale ndani.

Ndugu zetu, tazameni jinsi sura ya mtu inavyogeuzwa na watazamaji. Tulimfanya malaika, kisha kwa usiku mmoja tukamfanya shetani, na yeye hakuwa huyu wala yule. Ndivyo tuwafanyiavyo pia mashekhe, wakwe, na hata watoto wetu wenyewe.

Lakini tabia ya mtu yakua kwa mwendo wake, mbali na macho yetu. Tarehe 10 Agosti 2024, akiwa na miaka 39, alikimbia marathoni ya Olimpiki katika mji ule ule wa Paris alikong'aa miaka 21 nyuma. Maumivu yakamshika, wenzake wakamwacha, na baada ya kilomita 30 akasimama. Hakuwahi kuacha marathoni njiani kabla ya siku hiyo. Alitembea kando ya barabara, akavua viatu na fulana, akawagawia watu waliokuja kumtazama. Alipolifikia lile tuliloliita mpaka, hakulaani wala hakujificha. Mwaka 2025 alirudi kukimbia London, Sydney na New York, akamaliza nyuma ya vijana, kisha akaendelea na safari yake.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aitwaye Adhbaa, asiyeshindwa mbio. Siku moja alikuja bedui na ngamia wake, akamshinda. Masahaba wakaona uzito. Mtume akawafunza kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kukishusha kila kinachonyanyuka duniani. Na yeye mwenyewe alishindana mbio na Bi Aisha. Mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili akashinda, akalifanya jambo la mzaha na mapenzi. Nyumba inayojua kushindwa hivyo ina baraka.

Tuliporudi kutoka Kaptagat, kabla ya kulala, tuliandika katika lile kundi la ukoo: tuliyoyatuma mwezi wa Februari yalikuwa uzushi, nasi tunatubu. Baadhi walinyamaza, mmoja alicheka. Toba ya haki ya mja yataka kumwendea mwenyewe na kumwomba radhi, na sisi hatuna njia ya kumfikia. Tumebaki kulikanusha hadharani tulilolieneza, na kumtaja kwa wema pale tulipomtaja kwa ubaya. Waraka huu ni sehemu ya malipo hayo.

Nanyi akina mama, ambao mara nyingi ndio mlango wa mwisho wa habari katika nyumba, tunawaomba muulize kama tulivyoulizwa sisi, hata kama anayeulizwa ni sheikh.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu, na atusamehe tuliyoyatuma tusiyoyajua. Amin.