Anayevutwa Naye ni Dereva!

Huko Marekani wazee wakishastaafu hawakai kibarazani kucheza bao. Wananunua gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo humo humo, nyumba kabisa ile, halafu nyuma yake wanafunga kagari kadogo na kuanza kuzurura nchi nzima. Nyumba inatangulia, kagari kanafuata, matairi yote manne yako chini. Wakifika wanakotaka, nyumba inapaki, kagari kanafunguliwa kwenda dukani kununua mkate. Raha jipe mwenyewe!

Sasa wewe msomaji wangu wa Sinza au Mabatini usidhani mambo hayo ni ya Wazungu peke yao. Panda basi la Ngara siku moja, ukae dirishani, utayaona yote. Ila kwa staili yetu.

Barabara ninayoizungumzia ni ile inayotoka Dar es Salaam, ikapita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, halafu ikaingia mkoa wa Kagera pale Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Nyakanazi ukikata kushoto unakwenda Kibondo na Kigoma. Ukinyoosha unafika Lusahunga, ambako kulia ni Biharamulo mjini. Ukizidi kunyoosha unakuta Nyakahura na mizani yake, kisha unaingia wilaya ya Ngara. Njia panda ya Nyakasanza inakupeleka Ngara mjini na mpaka wa Kabanga, kwa Warundi. Barabara kubwa yenyewe inakwenda kuishia Rusumo, kwa Wanyarwanda. Toka Dar mpaka daraja la Rusumo ni zaidi ya kilomita 1,200. Si mchezo!

NYUMBA YENYEWE

Mtu anayeendesha kilomita zote hizo halali gesti kila siku, hiyo hela ataitoa wapi? Nyumba yake ni semi. Nyuma ya kiti cha suka kuna kitanda kimetandikwa shuka la maua, pazia limeshushwa. Ubavuni mwa tela kuna sanduku la bati. Lifungue uone: jiko, sufuria, unga, chumvi, vitunguu na chupa ya mafuta. Jioni malori yakipaki msururu pale Nyakanazi au Benaco, utamkuta tingo anasonga ugali kivulini mwa tela, suka kavua viatu anasikiliza mpira redioni. Bafu ni dumu la lita tano na kanga imefungwa kwenye matairi.

Kama hiyo siyo nyumba inayotembea, basi sijui nyumba ni nini. Tofauti ni moja tu: yule mzee wa Marekani anatalii, huyu wa kwetu anatafuta ada ya watoto.

NA KAGARI KA NYUMA?

Tunakuja hapo hapo. Barabara hii imejaa magari ya IT, yaani yale yaliyoshushwa bandarini Dar yakielekea nje ya nchi. Chukua hii ukatambe nayo kijiweni: ukiona gari dogo la IT lina usukani kushoto na linaelekea huku, hilo huenda ni la Rwanda. Wenzetu wanaendesha upande wa kulia wa barabara, na tangu mwaka 2005 walipiga marufuku kuingiza gari ndogo zenye usukani kulia kama zetu. Ukiona usukani uko kulia, macho yako yaelekeze Kabanga. Burundi nao wanaendesha kulia, lakini magari ya kutoka Japani yenye usukani kulia yamejaa tele mitaani Bujumbura.

Mengine yanaendeshwa na vijana, wale madereva wa IT wanaokwenda kama wanafukuzwa. Mengine yanabebwa: lori limenunuliwa huko ughaibuni, mgongoni limepakizwa pikapu, linakwenda hivyo hivyo hadi mpakani. Mengine, yakishafia njiani, yanavutwa.

Halafu wako wale wasio na injini kabisa. Kijana wa baiskeli mwenye mikungu ya ndizi anadandia mkia wa lori kwa mkono mmoja, mlima unapandwa bila jasho. Ukivuka ng'ambo, Rwanda na hasa Burundi, utawaona wengi zaidi, maana huko milima haina huruma. Wengine wamepoteza miguu, wengine roho. Lori likishtuka, baiskeli haina la kusema.

Hapo ndipo ninapotaka tufike leo. Mdogo akishajifunga nyuma ya mkubwa, nani anaendesha?

MATAWI BARABARANI

Safari yangu ya mwisho huko nilikuwa ndani ya semi, kwa ruhusa ya tajiri mwenye lori. Tumeshaipita Nyakahura, mara tukakuta matawi mabichi yametandazwa barabarani. Kwa lugha ya masuka, tawi maana yake "punguza mwendo, mwenzio ameumia". Kweli, mbele kulikuwa na kagari keupe, boneti juu, na kijana wa miaka kama ishirini na mitatu kainamia injini kama mtu anayetazama maiti ya ndugu yake.

"Shikamoo mzee. Mkanda umekatika, injini imegoma kabisa," akasema. Mkononi alikuwa na karatasi zake za forodha, na siku zake zilikuwa zinahesabika. Gari la IT lisipotoka nchini kwa siku zilizoandikwa, kasheshe yake siyo ndogo: kodi ya serikali inaanza kumtazama mtu usoni.

"Una chuma cha kuvutia?" suka wetu akamuuliza.

"Nina kamba, mzee."

"Kamba kafungie mbuzi, dogo. Huku kuna miteremko."

Sikia maana yake. Ukivutwa kwa kamba mlimani, mambo ni poa. Mkianza kushuka, kamba inalegea, kagari ka nyuma kanaanza kumkimbilia aliye mbele, na la mbele likikanyaga breki umeingia chini ya tela. Chuma kigumu hakilegei. Kinashika umbali ule ule, mpande au mshuke. Suka alikuwa na chake, kimefungwa chini ya tela, na tingo akaenda kukitoa.

Wakati chuma kinafungwa, mlango wa nyuma wa kagari ukafunguka, akashuka dada mmoja na mtoto mgongoni. Ebwana! Kumbe dogo alikuwa amepakia abiria toka Nyakanazi, jambo ambalo gari la IT haliruhusiwi kabisa. Suka akamtazama kwa muda, hakupiga kelele. Akasema tu, "Dada, wewe na mtoto njooni huku juu. Kwenye gari linalovutwa anakaa mtu mmoja, yule anayeshika usukani."

"Afadhali," dada akajibu akipanda. "Mimi nililipa nauli ya kuendeshwa, sikulipa ya kuvutwa." Tukacheka wote, dogo naye akacheka, lakini kwa mdomo tu.

SOMO LA SUKA

Kabla hatujaondoka suka alimpa dogo somo la dakika tano, nami nikaandika, kwa sababu hata wewe wa mjini siku moja utavutwa na mshikaji wako pale Ubungo.

La kwanza, funguo. Usiichomoe. Ukiichomoa, usukani wa magari mengi unajifunga, na kwenye kona ya kwanza unaaga dunia.

La pili, breki. Injini ikilala, ile nguvu inayokusaidia kukanyaga breki inalala nayo. Utakanyaga mara mbili tatu itakuwa laini, halafu pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Gari bado linasimama, lakini ukanyage kwa mguu mzima, na mapema. Usukani nao ni hivyo hivyo, unakuwa mzito kama wa trekta bovu.

La tatu, gia. "Ni otomatiki?" "Otomatiki, mzee." "Basi twende mwendo wa baiskeli, na tusiende mbali." Gia boksi nyingi za otomatiki zinapata mafuta kwa pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa na matairi yakaendelea kuzungusha gia boksi, vyuma vinasagana vikavu. Hata kule Marekani siyo kila kagari kanafungwa nyuma ya nyumba. Wanachagua yale ambayo kiwanda kimesema yanaweza kuvutwa matairi yakiwa chini, na mengi yanafungiwa mtambo wa breki ili kagari nako kasimame pale nyumba inaposimama. Sisi mtambo wetu ni mguu wa dogo!

La nne, mawasiliano. Semi haina kioo kinachoonyesha kitu kilichonyooka nyuma ya tela. Suka hamuoni dogo, na dogo haoni kitu isipokuwa bati la tela. Wakapigiana simu, wakaiacha wazi kwa sauti kubwa. "Simu ikikatika, honi mbili ndefu, nasimama," suka akasema.

Tukaondoka. Dogo akawa anatupa taarifa toka nyuma kama mtangazaji wa mpira. Tulipoanza kushuka mteremko wa pili, mtandao ukakata. Kimya. Suka akazima redio, akashusha kioo, akatega sikio. Dada akamshika mtoto wake vizuri. Sikumbuki kama nilipumua.

Pwaaa! Pwaaa! Honi mbili.

Suka hakukanyaga breki kwa pupa. Alirudisha gia, akaacha injini ilishike lori lenyewe, halafu akagusa breki kidogo kidogo, mzigo wote ukasimama kama mtu anayeketi kwenye mkeka. Tukashuka. Dogo alikuwa amelowa shati. Alikuwa amekanyaga mpaka mguu unatetemeka, chuma kikaanza kukaa upande, ndipo akapiga honi.

"Mzee, nilidhani nikivutwa nitapumzika," akasema. "Sijawahi kuendesha gari namna hii toka nizaliwe."

"Anayevutwa naye ni dereva," suka akamjibu. "Tena yeye ndiye dereva zaidi, kwa sababu mimi nina injini na breki za upepo. Wewe una akili tu."

Walinyoosha chuma, wakapumzika, wakaendelea taratibu mpaka senta ya kwanza yenye fundi. Dogo alitoa elfu hamsini. Suka akachukua elfu kumi, akampa tingo akanunue soda za watu wote. Nauli ya yule dada aliirudisha dogo mwenyewe, bila kuambiwa.

KWA NINI HAWAACHANI?

Huenda unajiuliza, suka ana haraka zake, kwa nini apoteze saa mbili na gari la watu? Waulize wenye umri. Miaka ya tisini na hata baada ya hapo, mapori haya ya Biharamulo na Ngara yalikuwa noma. Majambazi wenye silaha walikuwa wanateka magari, hata mabasi yakawa yanasindikizwa na polisi, tena kwa msafara. Gari likikufia porini jioni, kulala nalo ilikuwa ni kucheza na roho yako. Ukimvuta mwenzio leo, kesho anakuvuta wewe. Siku hizi mambo yametulia, na mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yameunganishwa tangu mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Lakini ile tabia imebaki.

Na Ngara ni wilaya iliyozoea kubeba waliochoka. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda, wengine na godoro kichwani, wengine wanasukuma baiskeli, wengine na mtoto mkononi tu. Walifikia Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, pakageuka mji wa mahema kwa siku chache. Desemba 1996 walirudi kwao. Leo Benaco ni senta ya malori, mishikaki na mafundi, na kijana aliyezaliwa baadaye anaweza kupita pale akila chipsi bila kujua.

Ukifika Rusumo kwenyewe usikose kusimama. Daraja la zamani lilikuwa jembamba, gari zikipishana kwa zamu. Hili jipya lilifunguliwa Aprili 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame, pamoja na kituo cha forodha cha pamoja. Chini yake Mto Kagera unaporomoka kwa kelele, na mtambo wa umeme wa megawati 80 unagawana umeme kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ukivuka tu, kushoto kunakuwa kulia. Suka anahamia upande wa pili, na kila kinachofuata nyuma yake lazima kihamie naye.

Basi mtu wangu, wikiendi hii kabla hujamwambia mshikaji "nivute kidogo tu", tafuta chuma, acha funguo mahali pake, shusha abiria, na mkubaliane honi ngapi maana yake simama. Na wewe unayevuta, usisahau kwamba nyuma yako kuna mtu usiyemuona.

Wiki ijayo tutakuwa pande nyingine. Safari njema!