Kizazi cha Gia Moja

Sisi tuliokulia Ngara, Tanzania, kabla ya 1994 tuliijua baiskeli ya namna moja: Phoenix ya China, au Avon na Hero za India, zenye karia pana, sproketi moja mbele na friwili ya gia moja nyuma. Ukikanyaga pedali mzunguko mmoja, gurudumu lilizunguka zaidi ya mara mbili. Tambarare hapakuwa na tatizo. Mlimani ulishuka ukasukuma, na kama mikungu ya ndizi ilikuwa mizito, kijana mmoja alikaa nyuma akisukuma karia. Kwa kuwa hatukuwa na gia ya kuchagua, tulichagua mengine: saa ya kuondoka, uzito wa mzigo na mtu wa kwenda naye.

Mwishoni mwa Aprili mwaka ule, watu takribani 250,000 waliokimbia vita walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco, hapa kwetu, ikawa kambi ya wakimbizi kubwa kuliko miji mingi ya nchi hii. Wengi walikuja kwa miguu. Waliokuwa na baiskeli hawakuzipanda. Walizisukuma, kwa sababu juu yake kulikuwa na magodoro, masufuria, na wazazi wasioweza kutembea. Miti ya karibu ikaisha, kuni zikafuatwa mbali zaidi, na baiskeli za gia moja zikafanya kazi hiyo hadi Wanyarwanda waliporejeshwa kwao Desemba 1996. Nalirudia hili kwa sababu naona vijana wakiitazama Phoenix kama alama ya unyonge. Ilibeba watu katika siku mbaya kuliko zote nilizoziona, na heshima yake nitaitetea.

Waliozaliwa baada ya kambi wakapata baiskeli za mtumba: shokapu mbele, shokapu nyingine katikati ya fremu, sproketi tatu mbele na saba nyuma. Gia 21! Wakaichukua namba hiyo kama cheo. Lakini nyingi kati ya hizo hurudiana uzito, na kihamisha cheni cha mbele hukwama kwa vumbi letu na tope la masika.

Kisha mafundi wakubwa wa dunia wakaanza kupunguza. Mwaka 2012 kampuni ya SRAM ya Marekani ilitoa XX1: sproketi moja mbele, gia 11 nyuma. Meno ya sproketi hiyo ya mbele hupishana, moja nene moja jembamba, yakikaa sawasawa ndani ya pingili za cheni, basi cheni haichomoki kwa urahisi hata baiskeli ikirukaruka. Mwaka 2016 gia za nyuma zikafika 12, kuanzia meno 10 hadi 50. Mbele ukiwa na meno 32, mzunguko mmoja wa pedali kwenye gia nyepesi kabisa huzungusha gurudumu kiasi cha theluthi mbili tu. Huo ni wepesi ambao Phoenix haikuwahi kutupa.

Kwenye baiskeli yenye shokapu ya nyuma faida ni kubwa zaidi. Gurudumu likipanda na kushuka, huvuta cheni, na mvuto huo hubadilika kulingana na ukubwa wa sproketi ya mbele. Zikiwa tatu, mtengenezaji hawezi kuziridhisha zote. Ikiwa moja, anajua aweke wapi kiungio cha fremu ili mguu usirudishwe na kila jiwe.

Yananigusa mambo mawili. F.K. Day, mmoja wa waanzilishi wa SRAM, ni miongoni mwa walioanzisha World Bicycle Relief mwaka 2005, shirika la baiskeli za Buffalo zinazotumika vijijini Afrika. Kwa hiyo aliyemtazama mshindani wa milimani alimtazama pia mama anayepeleka maziwa. Na mwaka uleule wa 2012 ilipotoka XX1, Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyekuwa mtoto wa miaka 7 mwaka 1994, alishindana London kwenye Olimpiki katika mbio za baiskeli za milimani. Nilijivuna kama mzazi.

Vijana wa hapa kwetu wameanza kung'oa sproketi mbili za mbele. Nawaunga mkono, ila wengi wanabakiza ile kubwa ili wakimbie kwenye lami ya kuelekea Nyakahura. Hapo nawagombeza. Friwili ya mtumba mara nyingi huishia meno 28, si 50; ukibakiza meno 42 mbele, mlima unarudi kuwa ule wa kwetu. Bakizeni ndogo, wanangu, au mtafute ya ukubwa huo yenye meno yanayopishana, maana ya kawaida itatema cheni mteremkoni. Mwendo wa lami mtaupoteza kwa kiasi kikubwa, ila mlima mtaupanda. Mimi mlima niliusukuma kwa kukosa gia. Sitaki kumwona mjukuu wangu akiusukuma na gia alikuwa nayo mkononi akaitupa.