Siku ya Bamvua Kilwa Kisiwani

Kilwa Masoko huamka kwa harufu ya vitumbua. Ukitoka nyumba ya wageni alfajiri, jua halijapanda, utaifuata harufu hiyo ya iliki na nazi mpaka kwenye baraza ambako mama mmoja, khanga kajifunga juu ya sweta, anavigeuza kimoja kimoja kwa kijiti. Ilikuwa Julai 2008. Kusi lilikuwa limeshika, na asubuhi zake zina ubaridi wa kumfanya mtu ashike kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nguo zangu zilikuwa bado na vumbi la njiani. Daraja la Mkapa lilishafunguliwa tangu 2003, watu wakaagana na kivuko cha Ndundu, lakini kutoka hapo hadi Somanga lami ilikuwa haijafika, na basi letu la kutoka Mbagala lilipita katika vumbi hilo madirisha wazi.

Sikutaka kwenda kisiwani na kundi. Nilitaka kuzunguka na mtu mmoja wa kule kule, siku nzima, mimi na yeye. Kibali cha Idara ya Mambo ya Kale kilikuwa mkobani, kimepigwa muhuri. Mwongozaji wangu nilimkuta gatini amekaa juu ya dumu, kikoi cha mistari, kofia ya viua iliyofuliwa mpaka ikapauka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama."

Nikamtolea kibali. Hakukitazama. Alikuwa akitazama ngazi za gati, mahali ambapo maji yameacha alama ya utelezi wa kijani. "Leo bamvua," akasema. "Yanatoka. Tupande sasa hivi, la sivyo tutatembea kwenye tope mpaka magotini."

Mashua yenyewe ilinuka sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mbao zisiliwe na fukusi wa baharini. Nahodha alikuwa kijana. Mwenzake, mdogo zaidi, alichutama chini akifua ngama kwa kopo la rangi. Walitusukuma kwa upondo mpaka palipo na kina, kisha foromali ikapanda mlingotini kwa mlio wa kukwaruza, tanga likatanuka. Upepo ulitoka huko huko tunakokwenda, kwa hiyo tulipiga bisho, mara tukielekea mikokoni, mara tukielekea bahari kuu, na kila tulipogeuza babu aliinamisha kichwa bila kutazama, tanga likampita juu ya kofia.

"Zamani hapa palivukwa kwa miguu," akaniambia. Akanisimulia habari za Ali bin al-Hassan, mwana wa mfalme wa Shirazi, aliyekinunua kisiwa kwa nguo iliyotosha kukizunguka chote. Mwenye kisiwa akachukua nguo zake, akahamia bara. Alipotaka kurudi na jeshi lake, akakuta mkondo umechimbwa, maji hayapwi tena. "Wengine husema haukuchimbwa. Zilisomwa aya, bahari ikakataa kutoka."

"Na wewe, babu, unaamini ipi?"

"Mimi naamini mkondo una kina," akasema, akamwonyesha nahodha pa kugeuzia.

Tuliteremka mbele ya Gereza, maji yakitufika katikati ya muundi. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 walipouteka mji. Kuta zinazosimama leo nyingi ni za Waomani, za karne tatu baadaye. Upande wa baharini mawimbi yamekula ukuta na kuuangusha vipande vipande mchangani, na kaa weusi wamehamia humo. Ndani kulinuka popo na chokaa mbichi. Mafundi wa kisiwani walikuwa wakiziba nyufa, maana magofu haya, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, tangu 2004 yalikuwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini. Babu alisalimiana nao mmoja mmoja, akachovya kidole kwenye karai, akaisugua chokaa kwa dole gumba. "Hii bado," akawaambia. Nikauliza bado nini. Akanieleza: matumbawe hupangwa juu ya magogo na kuchomwa, yakiiva hunyweshwa maji, kisha huachwa yalale miezi. Chokaa iliyoharakishwa hupasuka masika ya kwanza tu. Aliyajua hayo tangu ujana wake, alipokuwa akibeba mchanga wa machimbo ya Neville Chittick, yule mwanaakiolojia Mwingereza aliyeanza kuchimbua kisiwa hiki mwishoni mwa miaka ya 1950. Kazi ya babu ilikuwa kuchekecha. Alichekecha mji mzima, alivyopenda kusema, na akabaki akijua kila kitu kilitoka wapi.

Kutoka hapo njia hupita katikati ya kijiji. Nyumba ni za fito na udongo, zimeezekwa makuti, na mbele ya kila mlango ua umefagiwa, mistari ya ufagio bado inaonekana. Msichana alikuwa akikuna nazi, mguu mmoja kaukunja chini ya mbuzi. Kuku wakizunguka vifuu. Chini ya mwembe wanawake walisuka ukili, na vidole havikusimama hata waliponiitikia salamu. Babu alikuwa akipiga hodi kila penye mtu, na kila hodi ilikuwa na habari zake: mtoto aliyeumwa, nyavu zilizochanika, harusi ya mwezi ujao. Hapo hakuna mpaka kati ya kijiji na magofu. Ukuta wa shamba la mihogo ni ukuta wa nyumba ya karne ya kumi na tano, na mbuzi hulala kivulini mwake.

Kisimani tulikaa kitako. Ni kisima cha mawe, cha zamani, na kamba za ndoo zimechonga mifereji kwenye ukingo wake. Nikaingiza kidole katika mmoja. Kikazama mpaka kiungo cha pili, na ndani palikuwa laini kabisa. Mama mmoja akanisogezea kamba yake bila kusema. Nikavuta. Kamba ikauona mfereji yenyewe, ikapita humo, na ndoo ikapanda bila kugonga jiwe. Maji yalikuwa na chumvi kwa mbali. Babu alikunywa kwanza, akanipa kata.

Msikiti Mkuu unakutokea ghafla, baada ya mibuyu. Sehemu ya kaskazini, yenye kibla, ndiyo kongwe, na paa lake lilikwisha anguka. Sehemu ya kusini, iliyoongezwa na Sultani al-Hassan bin Sulaiman katika karne ya kumi na nne na kujengwa upya karne iliyofuata, ina matao na kuba safu kwa safu. Babu alivua kandambili mlangoni, nami nikavua viatu. Sakafu ilikuwa baridi. Mwanga uliingia ubavuni na kukatwa na nguzo, kwa hiyo ukitembea unapita kwenye jua, kivuli, jua, kivuli, na sauti yako hubadilika kila unapofika chini ya kuba. Akaniita kwenye tao moja, akauweka mkono wangu juu ya jiwe. Niliona vijishimo vidogo vidogo, vya mviringo, vimeshikana. Hili ni tumbawe lililotolewa baharini likiwa hai, akasema. Likiwa bichi hukubali patasi, likikauka huwa gumu moja kwa moja. Anayechonga sharti amalize kabla jiwe halijakataa.

Nje ya kuta alinionyesha pa kutawadhia: kisima, mabirika, na mawe ya mviringo ya kusugulia nyayo. Akapanda juu ya jiwe moja, akashikilia kikoi, akasugua kisigino mbele na nyuma. "Bado linafanya kazi," akasema, akacheka.

Pale pale ndipo aliponisimulia habari za sultani huyo, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kuziandika. Siku ya Ijumaa sultani anatoka kuswali, fakiri kutoka Yemen anamzuia njiani: nipe nguo ulizovaa. Nitakupa. Nipe sasa hivi. Sultani akarudi ndani, akavaa nyingine, akamwachia zile. Babu aliigiza yote, mara fakiri kanyosha kiganja, mara sultani anavua joho. Kisha akafika pale mwana wa sultani alipozikomboa nguo za baba yake, akampa fakiri watumwa kumi badala yake. Na sultani, aliposikia watu wanavyomsifu, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hapo mikono ya babu ilishuka. "Ishirini," akasema. "Waliotoa nguo tunawajua majina." Akavaa kandambili zake, tukaondoka.

Kwenye ule msikiti mdogo wa kuba hatukukaa sana, ila alinilaza chali sakafuni. Ndiyo, alinilaza, alisema wageni huutazama wakiwa wima, wakaondoka na maumivu ya shingo. Ukilala unaona katika kuba vishimo vya mviringo, mahali mabakuli ya kigeni yalipopachikwa kuwa pambo, na mwewe akipita juu kivuli chake hukatiza mlangoni.

Saa tano maji yalikuwa yamekwenda mbali kabisa. Pwani ilikuwa uwanja wa mwani na vidimbwi, na wanawake walikuwa huko, khanga zimepandishwa, michokoo mkononi, wakitafuta pweza mapangoni. Tuliwasikia wakiitana. Mmoja alikuwa mke wa babu, na hakukawia kurudi na pweza wawili ndani ya ndoo, bado wanajivuta. Aliwapiga juu ya jiwe kwa muda mrefu, pigo kwa pigo, povu likitoka, huku akiniuliza habari za Dar es Salaam: mchele sasa shilingi ngapi, na kweli foleni ya Mbagala inaanza alfajiri? Tulikula kwenye mkeka, pweza wa nazi na wali, ndimu imekamuliwa juu, pilipili pembeni. "Kula, mwanangu, Husuni ni mbali," aliniambia, akinisogezea mnofu upande wangu wa sinia.

Si mbali sana, lakini tulikwenda mwendo wa shibe. Njia hupita mashambani, na mikorosho ilikuwa katika maua. Harufu yake, tamu yenye ukali kidogo, ilitufuata mpaka mwisho wa miti. Husuni Kubwa imekaa juu ya jabali, inatazama bahari. Sultani yule yule aliijenga, vyumba zaidi ya mia moja, dhahabu ya Sofala ikipita mikononi mwa mji wake. Sasa ni kuta za kufika kiunoni na mijusi inayokimbia. Babu alinipitisha humo kwa desturi za mgeni: hapa utasubiri, hapa utaitwa, hapa bidhaa zimewekwa, huku ndani huingii. Mahali fulani niliruka ukuta ili kufupisha njia, akanisubiri nirudi nipite mlangoni.

Birika la kuogea lina pembe nane. Tulikaa ukingoni, miguu ikining'inia ndani, mahali ambapo maji yangetufika magotini. Nikauliza maji yalifikaje huku juu. "Kwa vichwa," akajibu. "Ulivuta ndoo moja leo. Hesabu."

Kwenye mchanga karibu na mguu wangu niliona kitu kinang'aa. Kipande cha kigae cha Kichina, kidogo kuliko ukucha wa dole gumba, kijani kizito chenye buluu ndani yake. Ukikigeuza juani unaona nyufa nyembamba kama unywele zilizonaswa chini ya kioo chake, na penye mvunjiko udongo wenyewe wa kijivu, mkavu, unaokwaruza ncha ya kidole. Babu alikitazama kwa jicho la mchekechaji. "Mdomo wa bakuli," akasema, akanionyesha mkunjo. Kisha akanionyesha kwa kidevu pale nilipokiokota, nikakirudisha na uso wake ukitazama juu, kama kilivyokuwa.

Mpaka saa kumi bahari ilikuwa imerudi. Kutoka ikulu kuna ngazi za mawe za kushuka ufukweni, na chini yake mikoko ilikwisha zama mpaka kwenye matawi. Mashua iliingia kati yake taratibu, tanga limekunjwa, nahodha kasimama na upondo. Hapo nikaelewa ratiba yote ya babu: alfajiri tushuke Gerezani maji yakitoka, adhuhuri pweza, jioni maji yatukute kwenye mlango wa baharini wa sultani, tuondoke tulivyotakiwa kuondoka. Kwa upepo wa tezi safari ya kurudi ilikuwa fupi, hata ngama haikufuliwa.

Gatini nilimlipa. Alihesabu, akatoa ya nahodha, akatoa ya yule mdogo wa kopo, akafunga iliyobaki kwenye pindo la kikoi. Nikamwambia ningependa kurudi na ndugu zangu. Akataka kujua mwezi gani. Nikaanza kutaja Desemba, akanikatiza: miezi ya kalenda haimhusu.

Mwaka 2014 magofu yale yalitolewa kwenye orodha ya hatari, na lami ya kusini siku hizi imekamilika, kwa hiyo watu wengi huniuliza namna ya kufika. Huniuliza nauli, kibali, mahali pa kulala. Yote hayo huwajibu. Lakini kwanza huwauliza alivyoniuliza yeye: siku hiyo mwezi utakuwa wa ngapi? Ukiwa mwandamo au mpevu, ongezeni siku moja au mbili, mtafute mashua alfajiri.